Bastola Inayokwama Baada ya Kuongezewa Vipuri: Dalili, Sababu na Pa Kuishia

"Fundi, ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, nikaibadilishia kitu kidogo." Malalamiko mengi ninayoyasikia kutoka Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe huanza hivyo. Hicho kitu kidogo ni springi laini zaidi ya ile ya kiwandani, triga nyepesi, kitako cha magazini cha kuongeza risasi mbili, au mtutu uliopigwa msasa sehemu risasi inapopandia. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mbao, mwenye mabasi, mkulima mkubwa wa viazi, mtu wa leseni halali aliyepita serikali ya mtaa hadi kwa polisi. Alitaka bastola iwe nzuri zaidi, ikaanza kujamu.

Bastola inayojipakia yenyewe ni mashine ya muda. Risasi ikilipuka, slaidi, ile sehemu ya juu inayotembea, hurudi nyuma, hutupa ganda, hubana springi, kisha hurudi mbele ikibeba risasi mpya kutoka magazini. Kiwanda kilipima uzito wa slaidi, nguvu ya springi na nguvu ya risasi kwa pamoja. Ukigusa kimoja, vingine viwili vinatoka kwenye mstari. Kwa hiyo ushauri wangu kwa dalili karibu zote zilizo hapa chini ni huu: angalia magazini, angalia risasi, safisha, halafu rudisha kipuri cha kiwandani. Mengi yanaishia hapo.

Kabla ya kugusa chochote

Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukianza na slaidi, ikirudi mbele itapandisha risasi nyingine chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na wewe utakuwa umeshajiaminisha kwamba bastola ni tupu. Vuta mara kadhaa, iache imefunguka, tazama ndani ya chemba, kisha papasa kwa ncha ya kidole kidogo. Kidole hakidanganywi na giza, na umeme wetu tunaujua. Risasi zote zihamie chumba kingine. Mtutu uelekee mahali ambapo hata risasi ikitoka haimdhuru mtu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga inatosha kwa kazi ya mezani.

Majaribio ya risasi za moto yafanyike kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa tu. Nyuma ya nyumba hapana, shambani hapana, hata kama shamba ni ekari mia.

Risasi haipandi chemba

Hili ndilo linaloongoza. Unafyatua, slaidi inarudi, na risasi inayofuata inagota kwenye mlango wa mtutu, pua juu au pua chini, kila kitu kimesimama.

Mshukiwa wa kwanza ni magazini. Andika namba kwenye kila magazini kwa kalamu ya maka, moja, mbili, tatu. Kila bastola inapojamu, tazama ni namba ipi imo. Tatizo likifuata namba moja tu, usipoteze muda kufungua bastola.

Ifungue hiyo magazini. Ukiondoa kile kibao cha chini, bana springi kwa kidole gumba, maana inaweza kuruka hadi juu ya kabati. Magazini ya mtu anayesafiri kila wiki barabara za vumbi kati ya Makambako na mashambani ina mambo yake: ndani unakuta tope jembamba lililotokana na vumbi kuchanganyika na mafuta, nyuzi za mfuko wa koti, wakati mwingine pumba. Kile kibao cha plastiki kinachosukuma risasi juu kinapita kwa kusuasua, kinainama upande mmoja, na risasi inafika juu imechelewa, slaidi imeshapita. Futa kwa kitambaa kikavu, pitisha brashi, rudisha bila mafuta. Magazini ikae kavu. Anayetia mafuta ndani ya magazini anatengeneza gundi ya vumbi.

Kisha tazama midomo ya magazini, zile kingo mbili za juu zinazoishika risasi. Iwapo mmoja umepanuka au una ufa, magazini hiyo imekwisha. Nimeona zilizonyooshwa kwa koleo na nyundo. Zinafanya kazi mezani halafu zinakwama siku ya siku. Nunua nyingine kwa muuzaji mwenye leseni.

Umefunga kitako cha kuongeza risasi? Springi ile ile ya kiwandani sasa inasukuma risasi nyingi zaidi kwa nafasi ndefu zaidi. Risasi ya mwisho na ya kabla ya mwisho ndizo zitakazokwama, na hiyo ndiyo alama yake. Rudisha kitako cha awali ujaribu tena.

Mshukiwa wa pili ni risasi zenyewe. Soma maandishi nyuma ya ganda kila unapofungua boksi jipya. Kuna milimita 9 za aina tatu zinazochanganywa: 9x17, ambayo wengi huiita 9 fupi, 9x18 ya Makarov, na 9x19 ya Parabellum, ambayo ndiyo ya bastola nyingi za sasa. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Zinatofautiana kidogo mno kwa jicho, ila hazibadilishani. Ile ya Makarov hata kichwa chake kinachoruka ni kinene zaidi, milimita 9.27 dhidi ya 9.02 hivi ya Parabellum. Ukikuta boksi lina mchanganyiko, acha kufyatua siku hiyo.

Wenye bastola za zamani za milimita 7.65 Browning wana tatizo lao la pekee. Kitako cha ganda la risasi hiyo kimejitokeza kidogo kuliko mwili wake. Ndani ya magazini, kitako cha risasi ya juu kikirudi nyuma ya kitako cha risasi ya chini, zinashikana na hazisogei tena kwa kugongagonga. Hutokea zaidi kwa risasi fupi zenye tundu puani, kwa sababu zinaacha nafasi ya kuchezacheza. Bastola hizo tumia risasi za pua ya mviringo, na pakia moja moja kwa utaratibu, kila inayoingia ikae na kitako chake mbele ya kile cha chini yake.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye springi kuu, ile inayorudisha slaidi mbele. Imelegea kwa uzee, au uliweka laini? Mara nyingi springi laini huwekwa ili bastola isipige mkono, lakini hiyo ndiyo inayosukuma risasi mpya chemba. Rudisha ya kiwandani.

Mwisho kabisa ni ule mteremko wa chuma unaoongoza pua ya risasi kuingia chemba. Kuusafisha na kuufuta, sawa. Kuupiga msasa, la. Ukibadilisha pembe yake au ukala chuma karibu na chemba, ganda linabaki bila kuta za kulishikilia wakati shinikizo la baruti liko juu kabisa, na ganda linaweza kupasukia mkononi. Kama tayari ulipiga msasa, usijaribu kufyatua uone. Peleka kwa fundi silaha aupime.

Slaidi inarudi mbele lakini haifungi

Inabaki wazi kwa milimita mbili tatu, triga haifanyi chochote. Huku kwetu sababu ya kwanza ni mafuta.

Watu hupaka walichonacho. Mafuta ya alizeti ni ya kukaangia. Yakikaa miezi michache kwenye chuma yanaganda na kunata. Grisi nzito ya magari nayo, asubuhi ya Juni au Julai kule Makete au Njombe baridi ikiwa imekaza, inakuwa nzito kiasi kwamba slaidi inatembea kwa uvivu. Osha yote kwa kiyeyusho cha silaha, kausha, kisha weka tone moja moja la mafuta mepesi kwenye reli slaidi inapotelezea na juu ya mtutu pale unapogusana na slaidi. Ukikosa mafuta ya silaha, mafuta safi ya cherehani yanafaa. Ikivuja mafuta hadi yanatiririka, umezidisha.

Baridi ina jambo jingine. Ukiingia na bastola iliyolala kwenye gari la baridi ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa, chuma kinatoka jasho. Maji hayo yanaingia kwenye springi na mashimo ya pini, na kutu ndogo inaanza mahali usipoona. Ifute na uipe muda izoee joto kabla ya kuifungia kwenye sefu.

Kama ni safi na bado haifungi, angalia chemba. Toa mtutu nje ya bastola na udondoshe risasi ndani yake kwa mkono. Inapaswa kuzama yenyewe kwa uzito wake, na ukigeuza mtutu ianguke bila kugongwa. Inakaa juu? Jaribu risasi ya boksi jingine. Ikizama hiyo, boksi la kwanza ndilo bovu. Zikikataa zote, chemba ina uchafu uliokauka, au ni mtutu wa kununua pembeni uliochongwa kubana mno.

Usiigonge slaidi kwa kiganja ili ifunge. Kinachozuia kinaweza kuwa risasi isiyo ya bastola hiyo.

Na kuna wanaoisindikiza slaidi kwa mkono, wanaivuta kisha wanairudisha polepole kwa huruma. Iachie. Springi imetengenezwa kufanya kazi hiyo kwa nguvu zake zote.

Ganda halitoki, au linabaki limesimama dirishani

Ganda likisimama wima kwenye dirisha la slaidi, anza na mkono wa mpigaji. Bastola ikishikwa kwa kulegea, hasa nyepesi za plastiki, fremu, ule mwili wa chini wenye mshikio, inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi haipati mwendo wa kutosha wa kutupa ganda. Mpe mwenzako mwenye uzoefu apige na bastola hiyo hiyo, magazini hiyo hiyo. Ikitulia mkononi mwake, bastola haina kosa.

Kisha risasi dhaifu, na springi ngumu. Wapo wanaoweka springi ngumu kwa imani kwamba inalinda bastola. Kwa risasi za kawaida, slaidi haifiki nyuma kabisa.

Ganda likibaki chemba kabisa na risasi mpya ikausukuma mgongo wake, hapo mambo yamefungana mara mbili. Usivutane nalo. Funga slaidi nyuma kwa kitasa chake, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, kagua chemba, ndipo upakie upya. Likijirudia, tazama ile kucha ya chuma inayoshika kitako cha ganda. Chini yake hujaa masizi na vipande vya shaba; kijiti cha meno kinatosha kusafishia. Ukucha ukiwa umemeguka pembe, hiyo ni kazi ya fundi, kwa sababu kipuri kipya lazima kipimwe kishike kiasi gani.

Triga inalia tak, risasi hailipuki

Shikilia hapo hapo, mtutu ukiangalia shabaha, uhesabu sekunde thelathini. Mara chache fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho nyuma ya ganda, huchelewa kuwasha baruti, na hutaki icheleweshe ukiwa umeigeuza bastola usoni. Baada ya hapo toa magazini, toa risasi, na uitazame mgongo.

Mgongo wa risasi hiyo ni shahidi mzuri kuliko maelezo ya mwenye bastola. Kijishimo kirefu katikati ya fataki, na haikulipuka: risasi mbovu. Pengine ilikaa dashibodi miaka, au ililoweshwa na yale mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati, yanayoweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Usipulizie risasi chochote.

Kijishimo kifupi, kimegusa tu: pini, ile sindano inayogonga fataki, imepiga bila nguvu. Kwanza safisha njia ya pini kwa kufuata kitabu cha bastola yako. Mle ndani kuwe pakavu, mafuta yanakusanya masizi na kugeuka breki. Pili, jiulize kama uliweka springi laini ya pini ili triga iwe nyepesi. Hii ni bei ambayo wauzaji wa vipuri vya mtandaoni hawaitaji. Springi laini inafanya kazi kwa risasi zenye fataki laini, kisha unanunua boksi la kiwanda kingine lenye fataki ngumu na bastola ya kujilinda inakuwa jiwe. Rudisha ya kiwandani. Hapo sioni la kujadili.

Hakuna kijishimo kabisa: pini imevunjika au slaidi haikufunga. Kwa fundi.

Mlio hafifu, kama puff

Acha kila kitu. Risasi inaweza kuwa imekwama katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka. Toa magazini, toa ganda, fungua bastola, mulika mtutu kwa tochi kutoka nyuma. Huoni mwanga? Usiingize msumari wala ufito na nyundo. Fundi silaha ana fimbo ya shaba na anajua upande wa kugongea.

Slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha

Kidole gumba chako kinakandamiza kitasa. Hasa kama umeweka kile kitasa kirefu cha mapambo. Ikiwa si kidole, ni springi ya magazini iliyochoka. Kinyume chake, slaidi ikifunguka risasi zikiwa bado zimo, kidole hicho hicho kinakisukuma kitasa juu.

Risasi hazifiki unapolenga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mpigaji wa mkono wa kulia akiona matundu yake yamekusanyika chini kushoto, ananunua mtutu mpya, na matundu yanabaki chini kushoto. Ni kidole kinachovuta triga kwa kuishtua na mkono mzima kukaza. Bastola ikiwa tupu na risasi chumba kingine, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na shabaha ya mbele, kile kinundu cha kulengea, uvute triga taratibu. Ikianguka, umepata ugonjwa. (Bastola za .22 usizifyatue kavu hivi bila kitabu chake kuruhusu. Pini ya nyingi hugonga ukingo wa chemba.)

Kundi la matundu likiwa limekaza lakini limehama upande, hapo ni shabaha za bastola, vile vinundu vya kulengea. Ya nyuma isogezwe kuelekea unakotaka risasi ziende. Na isogezwe kidogo kweli: kama kati ya shabaha ya mbele na ya nyuma ni milimita 150, kusogeza milimita moja kunahamisha tundu sentimita 10 kwa umbali wa mita 15. Hilo si jambo la kugonga kwa nyundo na bisibisi. Kuna kibanio chake.

Kuhusu hewa nyepesi ya Mbeya, mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambayo wengine huilaumu: kwa mita 15 haina inachobadilisha.

Kama bado una hamu ya kuiboresha bastola, fedha ziende kwenye shabaha zinazoonekana vizuri jioni, mpira wa kushikia, magazini mpya za kiwandani na risasi za mazoezi. Hivyo haviingilii mwendo wa mashine.

Triga imekuwa na tabia mpya

Inatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Inalipuka slaidi inapofunga. Sefti, kile kizuizi cha usalama, imewekwa na bado inafyatua. Ilianguka ikalia. Au triga imekuwa nyepesi hadi huijui inapokatia.

Yoyote kati ya hizo, ishushe risasi, mtutu ukiwa upande salama, na usiipakie tena hadi fundi aione. Hakuna ukaguzi wa nyumbani hapa, wala nisingependa uufanye. Triga ya bastola nyingi za fremu ya plastiki hutoka kiwandani ikihitaji kilo mbili na nusu hivi, na uzito huo umo kwenye hesabu ya usalama. Aliyekata springi au kusugua vile vyuma vidogo vinavyoshikana ameondoa sehemu iliyokuwa ikizuia pini isitembee bila ruhusa. Zaidi ya hatari, bastola inayotoa mbili kwa mvuto mmoja inaweza kukuweka pabaya mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hata kama hukukusudia. Namba ya silaha nayo isiguswe kwa msasa wala rangi kwa sababu yoyote ile.

Fundi huyo awe mwenye kibali cha kazi hiyo. Fundi wa kuchonga geti, hata awe hodari namna gani, hana. Kama humjui wa karibu, uliza kwa wanaoshughulikia leseni za silaha kituo cha polisi cha wilaya, na uulize hapo hapo utaratibu wa kuiacha silaha kwake. Safiri nayo ikiwa tupu, risasi mkoba mwingine, leseni mkononi. Mpelekee magazini zote zikiwa na namba ulizoandika, maganda na risasi zilizokataa, boksi zilimotoka, na kila kipuri cha kiwandani ulichokitoa. Kama ulikitupa, mwambie kabla hajaanza kufungua.